Mshubiri Hauhitaji Ndoo Kila Siku



Hapa Dodoma mvua hukatika Aprili na kurejea Novemba au Desemba. Katikati, kila ndoo ya maji ina kazi yake. Kwa wapenda mimea, napendekeza mshubiri, ambao huhifadhi maji majanini mwake. Wangu wa kwanza niliuozesha mwenyewe kwa kuumwagilia kila jioni.

Upandeni katika kopo lililotobolewa chini, kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Chomekeni kidole udongoni. Mkigusa unyevu, acheni. Wakati wa kipupwe, mara moja kwa wiki tatu yatosha.

Tahadhari: utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani huharisha vikali. Mama mjamzito asiunywe, wala mtoto asipewe.