Kuteleza si Kuanguka: Fikra za Mraibu na Wajibu wa Jirani



Mraibu wa heroini aliyekaa miezi mitatu bila kuigusa hairudii ghafla. Kabla mkono haujatoa fedha, fikra imekwisha kutangulia. Huanza kwa jambo dogo: "Nitapita kijiweni kuwasalimu wenzangu tu." Kisha hufuata: "Leo nimetaabika, mara moja haidhuru." Fikra hizo huja kwa sauti ya rafiki, nazo humpa ruhusa ambayo hata hakujua kwamba anaiomba.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alitenganisha kuteleza mara moja na kurejea kabisa katika uraibu. Alionyesha kuwa mtu aliyeteleza akijihukumu, "Nimekwisha kushindwa, mimi ni teja tu," huacha kupambana. Hapo ndipo penye mauti: mwili uliopumzika hauhimili tena kipimo cha zamani, na kipimo kilekile kinaweza kukata pumzi.

Hata hivyo, uraibu si fikra peke yake. Heroini hubadili utendaji wa ubongo, na arosto ni maumivu ya kweli. Ndiyo maana methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, huutuliza mwili, huku ushauri nasaha ukimfundisha mgonjwa kuitambua fikra mapema, kubadili njia anayopita na kumtafuta mtu wa kuzungumza naye. Hufundishwa pia kwamba hamu hujaa na kupwa kama maji ya bahari, hata isipotimizwa.

Wahenga walinena kuwa kuteleza si kuanguka. Nyumba nyingi husema kinyume. Kijana aitwaye mwizi na teja kila asubuhi huyabeba maneno hayo hadi yakawa fikra zake mwenyewe, na siku ya kuteleza hayo ndiyo humsukuma. Mzazi hatakiwi kumpa fedha wala kuficha kosa. Anatakiwa kuuliza kwa utulivu, "Mwanangu, ilianza kwa wazo gani?" kisha amrudishe kliniki siku hiyo hiyo.

Methadoni hutolewa bila malipo katika kliniki za Serikali. Mwenye mgonjwa aanzie kwa mhudumu wa zahanati ya karibu ili aelekezwe, au apige simu namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.