Muhula wa Kwanza Ughaibuni: Tatizo la Wanafunzi Wetu Kuripoti Masomo Yamekwishaanza



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie maandalizi ya kijana wa Kitanzania anayekwenda kuanza shahada ya kwanza nje ya nchi. Maana ya ufadhili, udahili na muhula ninyi maofisa udahili na washauri wa wanafunzi mnaijua nyote, kwa hiyo sitawachosha. Nikumbushe tu kwamba wapo wanaokwenda kwa ufadhili wa serikali rafiki, kama China, Urusi, Hungary na Algeria, na wapo wanaojilipia, hasa India. Wanaosoma kwa lugha ya nchi mwenyeji huanza na mwaka mmoja wa lugha. Utaratibu huo ni wa zamani. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow kilichoanzishwa mwaka 1960 kimeutumia kwa vizazi vya wanafunzi wa Kiafrika. Kwa hiyo muhula wa kwanza wa kijana kama huyo ni darasa la lugha, na hilo naomba tulishike.  Maoni haya ni yangu binafsi, si msimamo wa ofisi yangu.

Muda wangu uliobaki nautoa kwa jambo moja, nalo ni kuchelewa kuripoti.

Tuanze na kalenda. Masomo China, Urusi na Hungary yanaanza Septemba. Maombi ya huko hupelekwa mapema, mara nyingi kabla kidato cha sita hawajafanya mtihani wao wa Mei, kwa hiyo waombaji wengi ni wahitimu wa mwaka uliotangulia. Hawa vyeti wanavyo. Kinachowachelewesha ni jibu la mwisho, ambalo mara nyingi huja Julai au Agosti. Viza ya China ya mwanafunzi, ile ya X1, inahitaji barua ya udahili pamoja na fomu ya JW201, na bila karatasi hizo ubalozini huna la kufanya.

Wanaotoka moja kwa moja kidato cha sita wana shida nyingine. Matokeo hutangazwa Julai, wakati wengi wao wako Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na kambini si mahali pa kufuatilia pasipoti. Cheti chenyewe huchukua miezi mingine. Hapo kijana anaanza mzunguko: Baraza la Mitihani (NECTA), RITA kuhakiki cheti cha kuzaliwa, Wizara ya Mambo ya Nje kwa muhuri, mfasiri, ubalozi. Sisemi kwamba kuna ofisi iliyozembea. Kila moja inafanya kazi yake, lakini kila moja inasubiri karatasi ya mwenzake, na siku zinazopotea zote ni za mwanafunzi.

Halafu inakuja nauli, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Ufadhili wa Serikali ya Urusi unagharamia masomo. Nauli, bima na sehemu kubwa ya gharama za kuishi ni juu ya mwanafunzi. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe amepata skolashipu ya serikali anaelewa kuwa kila kitu kimelipwa, na hawezi kulaumiwa kwa kuelewa hivyo. Habari ya tiketi anaipata jina likishatoka. Ndipo anapoitisha kikao cha ukoo, anauza mahindi au ng'ombe kwa bei atakayopewa, na hesabu ikitimia ni Oktoba. Huko darasani wanafunzi wengine wameshamaliza mwezi mzima.

Naomba tuangalie mwezi huo una nini ndani yake. Katika darasa la Kichina, wiki za mwanzo ni za matamshi: pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, na toni nne. Mwalimu anasikiliza kinywa kimoja kimoja, anasahihisha, anarudia. Ikifika likizo ya sikukuu ya taifa, inayoanza 1 Oktoba, kazi hiyo imekwisha. Darasa likirudi linaingia kwenye sentensi na kuandika herufi. Kijana wetu anafika, anapewa kitabu, anaambiwa sura za mwanzo ajisomee. Toni hazisomwi kitabuni peke yako usiku bwenini. Atazibeba zikiwa zimepinda hadi mwaka wa tatu, na atakapomweleza mgonjwa au fundi jambo, hataeleweka.

Wakati huohuo anakimbizana na karatasi. Mwenye X1 anatakiwa aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Kuna kupima afya, na kuna kuacha pasipoti polisi kwa siku kadhaa, na benki nayo inaitaka pasipoti hiyohiyo kabla ya kufungua akaunti. Posho ya Serikali ya China kwa shahada ya kwanza ni yuan 2,500 kwa mwezi, na anayejisajili baada ya tarehe 15 hulipwa nusu ya mwezi ule. Aliyefika 20 Oktoba amekosa Septemba yote na nusu ya Oktoba. Hungary posho ya shahada ya kwanza ni forinti 43,700, kiasi ambacho hata aliyewahi anahangaika nacho.

Nimewahi kupigiwa simu Novemba na kijana aliyefika bweni la mji mmoja wa Urusi amevaa sweta ya shule na raba. Begini alikuwa na unga wa sembe na dagaa aliofungiwa na mama yake. Nje theluji ilikuwa imeshaanza. Swali lake halikuwa la koti. Aliniuliza: "Mzee, wenzangu wanasoma magazeti, mimi hata herufi sizijui. Nitawapata?" Nilimwambia ajitahidi, kwa kuwa sikuwa na jingine la kumpa.

Asiyefaulu mwaka wa lugha anaweza kuikosa shahada yenyewe. Akirudi nyumbani, kwenye taarifa zetu anaandikwa "hakumudu masomo". Maneno hayo nimeyasoma miaka mingi. Taarifa hazisemi aliripoti lini, na bila tarehe hiyo hatuwezi kujua kama tatizo lilikuwa akili yake au ratiba yetu. Kwa niliyoyaona, mara nyingi ni ratiba.

Napendekeza yafuatayo. Tangazo la ufadhili liandike waziwazi, kwa Kiswahili, yale yasiyolipwa: nauli, nguo za baridi na pesa ya kula ya miezi miwili ya mwanzo. Mzazi ayasome Januari, si Agosti. Uwepo mkopo wa nauli wa dharura kwa waliokwishateuliwa. Hili nimelileta kwenye vikao kadhaa na jibu limekuwa kwamba linafanyiwa kazi, nami naomba sasa lipewe tarehe. Ofisi zinazohakiki vyeti ziwe na dirisha moja Julai na Agosti kwa wanaosafiri Septemba. Wateuliwa wa China waanze lugha hapahapa wakisubiri jibu, maana Taasisi za Konfusiasi zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwezi mmoja wa toni mbele ya mwalimu unatosha kumwokoa anayechelewa. Iwekwe tarehe ya mwisho ya kusafiri. Ikipita, tuandikie chuo kuomba kijana aanze mwaka unaofuata. Najua baadhi ya wafadhili hawakubali kuahirisha, lakini tuombe kwanza kabla ya kumsafirisha mtu Novemba. Jumuiya za wanafunzi wetu zilizoko huko zipewe majina na tarehe za ndege mapema, ili mgeni apokewe na mtu anayejua ofisi ya usajili iko wapi. Na wanaojilipia kwenda India waambiwe kabla ya kuondoka kwamba anayekaa zaidi ya siku 180 hutakiwa kujiandikisha ndani ya siku 14 tangu afike.

Mengi kati ya haya yanahitaji bajeti na vikao. Moja halihitaji hata shilingi. Orodha ya mwaka huu ikifika mezani kwenu, nawaomba ndugu zangu muongeze safu moja: tarehe mwanafunzi aliyoripoti darasani. Muijaze kwa kila jina, na mwakani tukikutana mje nayo.