Majina Yaliyokatwa kwa Wino Mwekundu

Hotuba kwa makatekista na viongozi wa walei



Tumeombwa tuzungumze juu ya haki, na huenda wengi wenu mlitazamia habari za ardhi, za mirathi ya wajane, au za rushwa. Hayo yana siku yake. Leo tumechukua mkononi daftari la mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, tukaangalia majina yaliyokatwa humo kwa wino mwekundu, na kando yake maneno haya: mtukutu, hasikii, ana kiburi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika parokia tuliyoitumikia kabla ya hii aliletwa mvulana wa miaka tisa. Katekista alimwuliza, “Jina lako nani?” Akajibu, “Jina lako nani?” Akaulizwa tena kwa ukali, naye akarudia kwa ukali uleule, sauti kwa sauti. Darasa zima likacheka. Katekista aliona ni dhihaka, akampigisha magoti juani. Juma lililofuata ikawa vivyo hivyo, nasi tukakubali jina lake likatwe mpaka atakapotia akili. Mama yake alipofika ofisini hakulalamika. Alisema tu, “Baba Padre, nyumbani wanasema nimemletea mtoto laana mimi mwenyewe. Nilidhani huku kanisani mtaniambia jambo jingine.” Hatukuwa na jambo jingine la kumwambia, kwa sababu hatukujua.

Mvulana yule alikuwa na usonji. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wenye hali hiyo, aliona kwamba baadhi yao hurudia maneno ya mwulizaji kama yalivyo. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo njia ya kushika mazungumzo wakati maneno yao wenyewe bado hayajapatikana. Sisi tuliita dhihaka.

Hatuna budi kufahamu usikivu wa mtoto unavyofanya kazi. Mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi michache akiona ndege inapita angani huinua kidole, kisha humgeukia mama yake. Hataki apewe ile ndege. Anataka waione pamoja. Hapo ndipo shule yake ya kwanza ya kuishi na watu, maana kwa njia hiyo hujifunza majina ya vitu, na hutambua kwamba mama naye ana macho yake na mawazo yake. Mtoto mwenye usonji pengine ameisikia ile ndege kabla yetu sote, ila mara nyingi kidole hakiinuki. Akitaka maji aweza kuushika mkono wa mama na kuupeleka kwenye mtungi, kimya. Wenzetu wa Ulaya hutazama kwanza kama mtoto anakwepa macho ya watu. Kwetu, ambako mtoto mwenye adabu huinamisha macho akimwamkia mkubwa, alama hiyo hutupita kwa urahisi. Kitazameni kidole.

Mwaka 1985 huko London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walitangaza jaribio ambalo katekista yeyote angeweza kulifanya kwa vitu vya nyumbani. Walikuwa na wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi katika kikapu chake, anatoka nje. Anne anaitoa gololi na kuificha katika sanduku lake. Sally anarudi. Je, ataitafuta wapi? Katika watoto 27 wadogo, wa umri wa miaka minne hivi, 23 walijibu kwamba ataitafuta kikapuni, maana hakuona ilipohamishwa. Katika watoto 14 wenye hali ya Down, 12 walijibu vivyo hivyo. Lakini katika watoto 20 wenye usonji, ambao kwa umri na kwa lugha walikuwa wamewazidi wale wadogo, 16 walionyesha sandukuni, mahali gololi ilipo kweli. Hawakudanganya wala hawakukaidi. Walijibu lililo kweli. Kilichowawia vigumu ni kushika akilini wazo la mtu mwingine lisilolingana na ukweli wanaouona.

Msitoke hapa mkisema kwamba watoto hawa hawana moyo. Wanne katika wale 20 walijibu sawasawa. Tena kutojua mwenzako anawaza nini si sawa na kutojali kwamba analia. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wao hushindwa kutusoma, nasi twashindwa kuwasoma wao. Kati ya yule katekista, padre na mvulana wa miaka tisa, ni nani hasa aliyeshindwa kusoma mawazo ya mwenzake?

Mtoto wa pili tunayemkata ni yule asiyetulia. Wataalamu huiita hali yake kwa herufi nne, ADHD. Kwa lugha yetu twaweza kusema ni udhaifu wa kuutawala usikivu, pamoja na mwili usiotulia na haraka ya kutenda. Mitaani huitwa utukutu, neno ambalo limekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza. Mtoto huyu kwa kawaida, ukimwuliza kwa utulivu, atakuambia Sally ataitafuta wapi gololi yake. Lakini uso wa mwenzake ulipobadilika kwa hasira, yeye alikuwa akimtazama mjusi ukutani. Akaendelea na mzaha, akapigwa ngumi, asijue ugomvi ulianzia wapi. Anaijua kanuni ya foleni, na bado amekwisha kuruka mbele. Kumkaririsha kanuni mara ya mia si tiba, kwa maana kanuni anayo. Kinachomponyoka ni ile nukta ya kusimama kabla ya kutenda. Na kwa kuwa aweza kutazama mpira dakika tisini bila kupepesa, wazazi husema ni ukaidi.

Wapo walio na hali zote mbili. Hadi mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu mtoto mmoja kupewa majina yote mawili. Toleo la mwaka huo ndilo lililoruhusu. Hata wataalamu walikuwa na daftari lao na wino wao mwekundu.

Tena walikuwa na laana yao. Bruno Bettelheim wa Chicago, katika kitabu cha mwaka 1967 kilichosomwa sana, alifundisha kwamba chanzo cha usonji ni wazazi, hasa mama, wasio na upendo kwa mtoto. Miaka mitatu kabla yake, Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuandika kwamba hali hiyo ni ya mwili, si ya malezi. Rimland ndiye aliyekuwa na haki: leo yajulikana kwamba urithi wa kimwili una sehemu kubwa katika hali zote mbili. Wao walisema upendo, sisi twasema laana. Aliyetwishwa mzigo ni mama yuleyule.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nchini mwetu inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na haisemi kwamba darasa la mafundisho limesamehewa. Yatupasa basi kumwita mtoto kwa jina kabla ya kumpa agizo, na agizo liwe moja. Akihitaji kuzunguka kanisa mara mbili, azunguke, kisha arudi. Ratiba ikibadilika, aambiwe mapema. Kupigisha magoti juani kukome leo.

Mvulana yule alipokea Komunyo mwaka uliofuata, katika Misa ya alfajiri isiyo na ngoma wala vipaza sauti, kwa kuwa kelele zilimwumiza kweli kweli. Tulikwisha kumwonyesha mara kadhaa, kanisa likiwa tupu, mahali pa kusimama. Hakututazama usoni.

Baada ya chakula kila katekista akae na daftari lake, na majina yote yaliyokatwa yasomwe upya, moja moja. Akina mama watatu wa watoto hao wamekubali kuja. Watazungumza wao kwanza.