Kabla Hujapanda Basi Mwembe Tayari

(Maandishi ya mazungumzo na vijana waliomaliza vyuo, Likoni. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kuhama. Najua kuna wenye barua ya kazi mfukoni, kuna ambao wakala anawapigia kila siku, na kuna wenye binamu Islii anayesema "wewe njoo tu, utapata." Sikuja hapa kumwambia mtu abaki. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote Kenya. Haki unayo tayari, hakuna wa kukupa. Tunaloongea leo ni wapi, na kwa mpango gani.

Karibu kila kijana ninayekaa naye anaanza na swali moja: mshahara ni ngapi? Swali zuri, lakini tunaliuliza nusu. Tunauliza unaoingia, hatuulizi unaobaki.

Hebu tupige hesabu, mwenye simu aitoe. Tuseme umepata kazi Nairobi, 35,000 kwa mwezi. Hapa nyumbani kuna kazi ya 22,000. Mtu yeyote atakwambia wewe ni mjinga ukikataa 35,000. Haya. Kwa viwango vya sasa, NSSF wanachukua asilimia 6, ambayo ni 2,100. SHA asilimia 2.75, ni kama 960. Ya nyumba asilimia 1.5, ni 525. Ushuru wa mapato hapo unafika kama 1,850. Unaingia kwenye simu yako na 29,500 na kitu.

Sasa bedsita, tuseme ya bei ya chini, 9,000. Matatu kwenda na kurudi, 80 mara mbili kwa siku 26, ni 4,160. Chakula, na hapo hupiki biryani, 9,000. Stima, maji, gesi na bando, 3,000. Nyumbani utatuma, manake hakuna mtoto wa pwani anayeenda Nairobi asitume, weka 4,000. Jumlisha. Unabaki na kama mia nne. Mia nne! Na hujaugua, hujanunua kiatu, hujachangia harusi ya mtu.

Ile ya 22,000 ya hapa, ushuru wa mapato haikufikii. Ukitoa hayo makato mengine unabaki na kama 19,700. Unalala kwa mamako. Unachangia nyumba 6,000, nauli 120 kwa siku, na feri kwa mtembea kwa miguu ni bure. Chakula cha mchana 150, bando 1,500. Unabaki na zaidi ya 5,000. Kazi ndogo imekuachia pesa kubwa.

Nasikia mtu huko nyuma ananung'unika, na ana haki. Hesabu hii haijamaliza kila kitu. Pengine ile ya Nairobi itakufunza kazi ambayo hapa hakuna wa kukufunza, na miaka miwili mbele unalipwa mara mbili. Hiyo ni sababu nzuri ya kuenda na mia nne mfukoni. Lakini basi enda ukijua umeenda kusoma kazi, sio kutafuta pesa, na mwambie mamako hivyo kabla ajaanza kuhesabu za mabati. Ugomvi mwingi wa simu mwisho wa mwezi unatoka hapo: wewe unajua una mia nne, nyumbani wanajua una 35,000.

Na kuna pesa ya kuingilia, ambayo watu wanaisahau kabisa. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti, hiyo tayari ni 18,000. Godoro, mtungi wa gesi, sufuria, nauli, na chakula cha mwezi mzima kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Kwa mfano wetu huu, mimi nisingepanda basi Mwembe Tayari bila 45,000. Wengine wanasema "nitakaa kwa binamu." Sawa, lakini mnajua wenyewe mgeni siku ya tatu anapewa jembe. Muulize binamu mapema: ni wiki ngapi, na nichangie nini? Akisema "usijali", usikubali jibu hilo. Jibu hilo ndilo linalovunja udugu.

Kuhusu dipoziti, andikisheni. Kuna sheria ya zamani ya kodi za nyumba, inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Niambieni ni keja gani Nairobi ya 2,500. Kwa hivyo kinga yako ni karatasi: mkataba wenye sahihi, na kodi ilipwe kwa njia inayoacha rekodi. Piga picha za chumba siku unayoingia, hata ile sinki iliyopasuka. Mimi mwenyewe niliwahi kunyimwa dipoziti yangu yote na mwenye ploti mmoja, eti rangi imechafuka. Rangi niliikuta hivyo.

Sasa nije kwa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko pesa. Kaa chini uandike vitu vitatu ambavyo hutaviacha hata ukilipwa nini. Vitatu tu, kumi huwezi kuvitunza. Halafu kila mahali unapoitwa, pima kwa hivyo vitatu.

Kuna dada mmoja wa upande huu, ana diploma ya uhasibu, jina nalificha. Alikuja na nafasi mbili mkononi: kampuni ndogo Nairobi, na kazi ya nyumbani Saudia kupitia wakala. Ya Saudia ilikuwa na pesa zaidi. Tukamwambia andika. Akaandika: mama yangu ana sukari, lazima mtu ampeleke kliniki kila mwezi. La pili, nataka kumaliza mitihani yangu ya CPA. La tatu, siwezi kuishi mahali ambapo sina mtu hata mmoja wa kunijua nikiugua. Saudia ikaanguka zote tatu. Nairobi ikapita mbili, ikaanguka ile ya mama.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa kazi yake. Ana kaka wawili wako hapa hapa, mmoja ana bodaboda. Alipoambiwa ampeleke mama kliniki, akasema hiyo ni kazi ya mabinti. Tulibishana naye jioni mbili. Nasema hili wazi kwa sababu ndugu zangu wanaume mko hapa: dada yako akikosa kuhama, mara nyingi si kwamba hataki, ni kwamba sisi tumekaa. Mwisho kaka alikubali, si kwa furaha, na dada akaomba kampuni aanze mwezi mmoja baadaye, amfundishe kaka tarehe na dawa. Walimpa. Yuko Nairobi sasa, anaishi na mwanafunzi mwenzake wa zamani.

Kwa wanaofikiria Ghuba, msifanye kana kwamba ni nchi moja. Chini ya kafala, kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kubadilisha kazi. Saudia nayo ilileta mageuzi mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Kwa hivyo kabla ya kuuliza riali ngapi, uliza: nikinyanyaswa, naweza kuondoka? Wakala mtafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, sio kwenye TikTok. Anayekwambia usafiri kwa visa ya matembezi uende ukafanye kazi, mkimbie. Acha nyumbani nakala ya pasipoti, mkataba, na namba ya ubalozi wetu Riyadh au Doha.

Usalama wa mtaa nao ni kipimo, na sisi tunaupima tofauti na wengine. Watu huuliza kama kuna wezi. Wewe uliza pia polisi wa hapo wanawatendeaje vijana wa jina lako. Aprili 2014, kwenye msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Islii, wengi Wasomali, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Sisemi usihamie Islii. Wallahi kwa biashara na kwa jamii ya kukupokea, sijui kama Nairobi kuna mtaa unaoishinda. Nasema usitembee bila kipande, nyumbani wawe na namba ya mtu mzima mmoja hapo mtaani, na jua kwamba kifungu cha 49 kinataka ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata.

Wenzetu wa Garissa na Wajir wanajua kipande kilivyokuwa kazi kupata, na ile misasa yake. Kama chako kimepotea au kina makosa ya jina, kirekebishe ukiwa hapa, ambapo chifu anakujua na wazazi wako wako. Ukishafika ugenini, kila karatasi inakuwa safari ya kurudi. Hivyo hivyo SHA, jisajili kwa *147# kabla hujaondoka, usingoje uugue. Na kura: uchaguzi ni Agosti 2027. Kama umesajiliwa Likoni na unaishi Pangani, ama uhamishe usajili wako kwa IEBC au uweke nauli ya kurudi. Mwakilishi wa wadi ya Pangani ndiye atakayekuwa na maji yako na taa zako, fikiria hapo.

Masikiti sikuyataja kwa sababu Nairobi hutakosa, kuanzia Jamia katikati ya mji mpaka Makina kule Kibra. Ila ukipelekwa mji mdogo usioujua, uliza mapema. Na kwa mwajiri, uliza Ijumaa saa sita na nusu inakuwaje, uulize kabla ya kutia sahihi. Wengi wanakubali ukiuliza mwanzo. Ukiuliza wiki ya tatu unaonekana unaleta mambo.

Nimeongea sana. Wenye mikataba ya Ghuba au ya nyumba, nitabaki hapa baada ya Asr mpaka Magharibi, na kuna wakili mmoja amejitolea kuisoma bila malipo. Leteni nakala, ya awali muiache nyumbani. Na yule aliyeniandikia kwamba wakala anataka 60,000 kufikia kesho asubuhi, usitume kitu, njoo tuonane kwanza.