Alama 50 za Heshima: Kupima Wepesi wa Programu za Afya



Mwaka 1986, katika kampuni ya kompyuta ya Digital huko Reading, Uingereza, John Brooke alitaka njia ya haraka ya kujua kama mfumo unatumika bila taabu. Akaandika kauli 10, na kila moja mtumiaji huijibu kwa namba, tangu 1, yaani nakataa kabisa, hadi 5, nakubali kabisa. Kauli za witiri zinausifu mfumo, za shufwa zinaulaumu. Kwenye za witiri unapunguza 1 katika jibu. Kwenye za shufwa unatoa jibu katika 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5, upate alama kati ya 0 na 100. Kipimo hicho huitwa SUS.

Wastani wa mifumo mingi iliyopimwa ni 68, kwa hiyo anayefurahia 50 kama mwanafunzi aliyevuka mtihani anajidanganya. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa 2020 ulikuta mifumo yao ya kumbukumbu za wagonjwa ina 45.9, na walioupa mfumo wao alama ndogo ndio waliokuwa hatarini zaidi kuchoshwa na kazi. Hao ni madaktari, na ofisi zao zina viyoyozi. Basi tusiambiwe tena kwamba programu inawashinda watu wa shamba kwa sababu hawakuzoea mashine.

Kwetu Zanzibar jambo hili lina uzito wake. Mpango wa Jamii ni Afya, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la D-tree, umewapa simu wahudumu wa jamii zaidi ya 2,000, na kufikia 2021 ulikuwa umeenea wilaya zote 11. Mhudumu hupiga hodi, huketi mkekani, na simu humwongoza swali kwa swali: mjamzito ana dalili za hatari? Mtoto ananyonya? Mtandao ukikatika kazi inaendelea, taarifa zinapanda baadaye.

Sasa tazameni saa 4 asubuhi wakati wa bamvua. Maji yanakupwa, mama anataka kuwahi mwani wake, kilimo ambacho pwani yetu imekijua tangu 1989. Jua limeimeza skrini. Mhudumu anaifunika kwa upande wa kanga. Mama anaaga katikati ya maswali. Je, programu itayatunza majibu ya nusu, au kesho mwanzo upya? Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichorekebishwa 2018, kinataka tutazame mambo matatu: kazi imekamilika, imegharimu muda na nguvu kiasi gani, na mtumiaji ameridhika. Tena kwa watu maalumu, mahali maalumu. Mkutano wa hotelini mjini si mahali hapo. SUS peke yake hugusa ridhaa tu. Muda na makosa lazima mtu akae ayahesabu.

Na hata hiyo ridhaa ina mtego. Mgeni ametoka mjini, amekuja na karatasi, tena pengine ndiye aliyeleta simu. Mhudumu mwenye adabu zake atamwambiaje kwamba kitu chake kinasumbua? Anakubali kauli zote 10, anatia 5 mstari mzima. Fanyeni hesabu: witiri tano zinaleta 20, shufwa zinaleta sifuri, 20 mara 2.5 ni 50. Aliyetia 3 kila mahali naye anapata 50, na aliyetia 1 vilevile. Heshima, uchovu na hasira vinatoka na alama moja! Kisha ripoti inachanganya 50 hizo na majibu ya kweli, inatoa wastani, na wastani unapelekwa kwa wakubwa.

Ninalodai ni dogo. Karatasi zenye jibu moja mstari mzima zitengwe na zihesabiwe hadharani. Anayehoji asiwe aliyeitengeneza programu wala msimamizi wa anayehojiwa. Mwalimu wa skuli anatosha. Na wizara inapoandikiana mkataba na watengenezaji, malipo ya mwisho yangoje ziara kamili zilizopimwa kwa saa, nyumbani kwa watu, maji yakiwa yanakupwa.