Kiwanja cha Mtaa Kipangwe na Wanaokitumia

Wasikilizaji wetu wa Eastlands, Nairobi, kabla ya kununua bembea za kiwanja cha mtaa, tazameni kwanza watu wanapita wapi. Chukueni mfano wa mtaa wetu wa Dandora: ulipojengwa miaka ya 1970, nyumba zilipangwa kuzunguka viwanja vya pamoja. Vingi baadaye viligeuka majaa ya taka. Vilivyofufuka vilifufuliwa na vijana na wakazi wenyewe. Walizoa taka, wakapanda miti, wakaweka michezo ya watoto. Ardhi ilikuwa ile ile, ila sasa ilipata wa kuitunza. Wanaokitumia kiwanja ndio wanaokipa uhai, kwa hiyo narudia: tazameni kwanza watu wanapita wapi. Njia ya mkato iliyokanyagwa na wanafunzi iachwe iwe njia. Benchi liwe kivulini, likitazama bembea, ili mama aketi huku akimwona mtoto. Mpira uchezwe mbali na wadogo. Taa na mtaro wa maji ya mvua vitangulie maua.

Wapo wanaosema kazi hii ni ya kaunti. Ni kweli ina wajibu, na tuidai. Lakini mhandisi wa kaunti hajui kona ipi wasichana wanaiogopa jioni. Wengine wanahofia wanyakuzi wa ardhi. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo thibitisheni umiliki wa kiwanja kabla hamjachimba shimo hata moja. Basi wiki hii kizungukeni asubuhi, adhuhuri na jioni. Waulizeni watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Choreni ramani, hata kwa mkono, mpelekeeni msimamizi wa wadi, kisha mwende nayo kwenye vikao vya maoni kuhusu bajeti ya kaunti.