Zawadi Ifike kwa Mwenyewe

Leo twataka tufikiri pamoja juu ya Roberto Clemente, aliyezaliwa mwaka 1934 katika kisiwa cha Puerto Rico. Kazi yake ilikuwa mchezo wa besiboli, ambao wengi wetu hatuujui.

Katika mchezo huo mmoja hutupa mpira na mwingine huupiga kwa gongo. Mbali, kule nyuma ya uwanja, husimama walinzi watatu. Kwa muda mrefu waweza kudhani hawana kazi. Lakini mpira ukipigwa juu sana, ndio wanaokimbia kuudaka kabla haujaanguka. Clemente alilinda upande wa kulia tangu 1955 hadi 1972, katika timu moja tu, Pirates ya mji wa Pittsburgh, Marekani. Alituzwa mara 12 kwa ulinzi bora, na mara 4 aliongoza ligi yake kwa kupiga. Timu yake ikawa bingwa mwaka 1960 na 1971. Tarehe 30 Septemba 1972 alifikisha mapigo 3,000 katika ligi. Kabla yake walikuwa wamefika hapo watu 10 tu.

Njia yake haikuwa laini. Alikuwa mtu mweusi, na lugha ya mama yake ilikuwa Kihispania. Magazeti mengine yaliandika Kiingereza chake vile alivyokitamka, ili wasomaji wacheke. Alipoumwa mgongo, wako waliosema anajitia ugonjwa. Yeye akaendelea na kazi.

Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, nchini Nicaragua, na maelfu wakafa. Clemente alikuwa ametoka huko majuma machache tu kabla yake. Mara akaongoza kukusanya chakula, nguo na dawa. Ndipo zikamfikia habari kwamba misaada haiwafikii wenye shida, inashikwa njiani. Akaamua kwenda mwenyewe. Usiku wa tarehe 31 Desemba alipanda ndege, na ndege ile ikaanguka baharini mara tu baada ya kuruka. Watu wote watano waliokuwamo walikufa. Mwili wa Clemente haukupatikana kamwe.

Ndugu zetu, sisi pia hukusanya. Ukame ukija, tunaleta mahindi, maharagwe na blanketi mpaka mlangoni mwa kanisa, tunaomba, kisha tunakwenda nyumbani tumeridhika. Ni wangapi kati yetu huuliza kama gunia lile lilifika? Yule Msamaria katika Injili ya Luka hakuishia kufunga majeraha. Alimfikisha mgonjwa kwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Kutoa ni mwanzo; kufikisha ndiko kumaliza.

Lakini yako na mengine ambayo hatupaswi kuyaficha. Ndege ile ilikuwa mbovu, tena ilipakiwa mzigo kupita kiasi. Haja njema haikuifanya iwe nyepesi. Nasi mara ngapi tumejazana ndani ya gari bovu kwenda maziko au mkutano wa injili, tukisema Mungu atatulinda? Kukagua magurudumu na breki si upungufu wa imani. Ni sehemu ya kumpenda jirani, maana abiria naye ni jirani.

Mwaka 1973 Clemente aliingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo wao, na ile kanuni ya kungoja miaka 5 ikawekwa kando kwa ajili yake. Hata leo, kila mwaka mchezaji mmoja anayewatumikia watu hupewa tuzo yenye jina lake. Mapigo yake 3,000 yamo vitabuni. Lakini tuzo hiyo haitolewi kwa kupiga mpira.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa kutoa, miguu ya kufikisha, na akili ya kuwatunza wale tunaosafiri nao. Amina.